Zidisha kwa Mia

Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilifika Kigoma ikiwa ndani ya maboksi. Kiwanda cha Meyer cha mji wa Papenburg, Ujerumani, kiliiunda mwaka 1913, kikaifumua kipande kwa kipande na kuifungasha kwenye maboksi yapatayo 5,000. Maboksi yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni, na huko Kigoma mafundi wakaiunganisha upya. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, ila kabla ya kuizamisha mafundi waliisiliba mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua.

Watu wananiuliza mtu wa Mbeya anatafuta nini kwenye meli. Mji wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji mengi kuliko yote ninayoyaona ni yale ya mvua ya Machi yakikata barabara ya mtaani kwetu. Jibu langu ni Kasanga. Huko, mwisho wa barabara ya kutoka Sumbawanga, ndiko nilikopandia Liemba kwenda Kigoma. Kwenye vijiji visivyo na gati meli ilisimama kwenye maji, maboti na mitumbwi ikaivamia ubavuni, magunia ya dagaa yakapanda, mananasi yakapanda, watu na kuku wao wakapanda, kelele tupu. Wenzangu walikuwa wanachunga mizigo. Mimi nilikuwa nimeinamia ukingo, naangalia ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati ya meli. Vichwa vya ribiti safu kwa safu, chini ya rangi iliyopakwa juu ya rangi, vimeshikilia chuma hicho tangu enzi za babu wa babu zangu. Nilishuka Kigoma nikiwa nimeshaamua kwamba meli ile nitaitengeneza, ndogo, juu ya meza yangu.

Kipimo changu ni moja kwa mia. Wenzetu wa nje wanaonunua meli za plastiki za kuunganisha wanapenda moja kwa 350 na moja kwa 700, kwa sababu manowari ya mita 250 haiwezi kuingia kwenye rafu kwa njia nyingine. Liemba ina urefu wa takriban mita 71. Kwa moja kwa mia inakuwa sentimita 71, inakaa juu ya kabati vizuri kabisa, na hesabu mtu anaifanya kichwani bila kugusa simu. Faida ya hesabu nyepesi ni kwamba unaifanya kila wakati. Njiti ya kiberiti ina milimita mbili: zidisha kwa mia, ni boriti ya sentimita 20. Unywele ni waya wa milimita saba au nane. Tone la gundi lililokaukia kwenye sitaha ni nundu ya kumvunja baharia mguu. Nimekuja kuona kwamba karibu kila ninachokijua kuhusu kazi hii kinatoka kwenye kuzidisha huko, na kwamba meli nyingi ndogo zinazokataa kufanana na meli zimeharibiwa na vitu ambavyo mwenyewe aliviona ni vidogo mno kusumbua.

Mchoro wa kiwandani sina. Ninatumia picha iliyopigwa ubavuni kutoka mbali, kamera ikiwa imevutwa, kwa sababu picha ya karibu inaikuza sehemu iliyo jirani na kamera na kuzipunguza omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli. Naichapisha meli iwe na urefu wa milimita 355, hapo kila milimita ya picha ni sentimita 20 za kweli, kisha napima kwa rula: dohani, milingoti, nafasi kati ya dirisha na dirisha. Mtu aliyesimama ukingoni ndiye hakimu wangu. Akitoka kwenye hesabu na urefu wa mita mbili na nusu, picha hiyo naiacha.

Mwili wa meli ni wa paina ya Sao Hill. Hapo watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati. Anayeishi kwingine huagiza mbao laini kwa bei ya kuumiza, sisi zinatupita kwenye malori kutoka Mafinga kila siku. Naomba nikatiwe mbao za unene wa milimita 10, kila moja ikiwa sawa na mita moja ya kina cha meli, nachora juu yake umbo la meli katika kina hicho, nazikata, nazipandanisha kwa gundi ya mbao, nazibana usiku kucha, halafu randa na tupa zinaondoa ngazi zilizobaki kati ya ubao na ubao. Mbao zenye fundo zirudishe dukani. Fundo linatoa utomvu, na utomvu hupenya rangi hata miezi baada ya kazi kuisha.

Ubaya wa paina ni mistari yake. Sehemu iliyokua haraka ni laini, ile ya msimu mkavu ni ngumu, na msasa ukishikwa kwa vidole vitupu unakula laini na kuacha ngumu. Kwa macho ubao unaonekana nyoofu. Pitisha ukucha, utasikia mawimbi. Mawimbi ya theluthi moja ya milimita, kwenye meli ya kweli, ni mikunjo ya sentimita tatu, chuma gani hicho? Kwa hiyo msasa wangu umegandishwa kwenye kipande cha mti mgumu kilicho bapa, naanza na namba 120, napaka sila, ile rangi ya awali ya kuziba vitundu vya mbao, napitisha puti, nafika 240, sila tena, 400. Hatua hii haina utamu wowote na sitadanganya kwamba inao.

Utamu unaanza kwenye karatasi. Karatasi nyeupe ya gramu 80, ile ya rimu, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Zidisha: sentimita moja. Unene huo hauko mbali na wa bati la meli ya chuma ya ukubwa ule. Yaani ukiivisha meli yako karatasi ya kawaida, vipande vikipandana kidogo ukingoni kama mabati ya kweli yanavyopandana, kivuli chembamba kinachojitokeza kwenye kila ukingo ndicho kile kile nilichokiona Kasanga.

Nakata vipande vya milimita 12 kwa 50, bati la mita moja na robo kwa mita tano hivi. Kila kipande nakipaka sila pande zote mbili kwanza, kwa sababu gundi ya mbao ina maji na karatasi ikinywa maji inatanuka, ikikauka inasinyaa, na safu nzima inakwenda upande. Kikishakauka nakilaza kifudifudi juu ya ndala ya zamani, naweka rula, kisha nabingirisha gurudumu la saa ya mezani iliyokufa, nililolitia mhimili kwenye mwili wa kalamu. Meno yake yanazama kwenye karatasi, ndala inabonyea kiasi tu, na ukigeuza upande wa pili unakuta mstari wa vinundu, vidogo kiasi kwamba ukivitazama moja kwa moja vinapotea, ila ukiinamisha karatasi dirishani vinasimama vyote kwa pamoja. Hizo ndizo ribiti. Nabandika kuanzia tezi nikielekea omo, ili bati la mbele lilalie la nyuma, kusudi maji ya mwendo yasipate ukingo wa kukwama. Nani atayajua hayo meli ikiwa juu ya kabati? Hakuna. Lakini mwanga unajua. Ukipandanisha kinyume, kivuli kinakaa upande usio wake na jicho linasita bila kujua limesitia nini.

Fundi seremala anayenikatia mbao pale Mwanjelwa ni mzee wa Kinyakyusa, mikono yake inaheshimika mji mzima. Siku niliyompelekea meli ikiwa imeshavikwa mabati yake, aliizungusha juu ya benchi taratibu, akapiga mluzi.

"Mwalimu, hii ukiipiga vanishi mikono mitatu itawaka kama kabati la bibi harusi."

"Mzee wangu, Liemba haing'ai."

"Haing'ai kwa sababu hawakukuita wewe uipige vanishi."

Tumebishana hivyo kwa miaka, kwa heshima, na wala hajakubali. Hoja yake ni ya kiseremala na ni halali: kazi iliyomalizika inang'aa. Hoja yangu ni kwamba mng'ao haupungui pamoja na meli. Taa ya dari ikijiangalia kwenye ubavu unaong'aa, inaacha doa la mwanga la sentimita mbili, na zidisha kwa mia, ni doa la mita mbili juu ya chuma chakavu. Jicho linaambiwa papo hapo kwamba hiki ni kitu kidogo. Meli kubwa ukiitazama kwa mbali inaonekana imefifia, hata ikiwa imepakwa rangi jana.

Kufifia huko kuna sababu. Ukikaa mita mbili kutoka kwenye meli ya moja kwa mia, ni sawa na kuitazama ya kweli kutoka mita 200, na katikati ya mita 200 kuna hewa, unyevu na vumbi, vyote vinavyochanganya weupe kidogo kwenye kila rangi. Kwa hiyo rangi ya kopo, hata ikiwa ndiyo ile ile waliyopaka bandarini, ni kali mno mezani. Nyeusi naichanganya na nyeupe kiasi na tone la kahawia, inakuwa kijivu cha mkaa. Nyekundu ya chini ya maji naipoza kwa kijivu. Nyeupe yenyewe naitia udongo kidogo wa rangi ya maziwa. Mtu akisimama karibu ataona zimechujuka. Arudi nyuma hatua mbili.

Na unene wa rangi ni jambo jingine. Rangi ya mafuta ya kopo, ikipakwa kwa brashi vile inavyotoka, inaweza kuacha utando wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa bati letu zima. Mikono miwili, ribiti zote zimezikwa. Mimi natumia rangi za akriliki zisizong'aa, zile za wachoraji, nimezipunguza kwa maji hadi mkono wa kwanza unaonekana kama haujafanya kitu. Wa pili pia. Kwenye wa nne hivi ndipo rangi inashika, na vinundu bado vipo. Kazi kubwa hapo ni kuuzuia mkono usiongeze.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo watu wa mabondeni hawaijui. Mbeya kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua. Ukipuliza rangi ya NC, ile ya thina inayokauka haraka, siku ya ukungu, thina inaruka haraka, inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na unapata ukungu mweupe kama wa kioo cha bafuni ndani ya rangi yenyewe. Juni na Julai baridi inabana. Rangi ya mafuta uliyoizoea kukauka kesho yake inakaa inanata siku kadhaa, na kila unyoya unaopita unatua hapo. Agosti mpaka mvua zirudi ni upepo na vumbi, na chembe ya vumbi ni kokoto. Mwaka wote unabaki na dirisha dogo, Mei, mvua zimekata, majani bado mabichi, vumbi halijaamka. Miezi ya mvua ni ya kuchonga na kubandika. Mei ni ya rangi. Vifaa vidogo navifanya Julai nikiwa nimekaa karibu na jiko la mkaa, mlango ukiwa wazi kidogo.

Kuna safari pia. Shemeji yangu wa Kyela nilimpelekea mashua ya mizigo niliyoijenga kiangazi huku kwetu. Kyela iko chini, karibu mita 500 tu, joto na unyevu wa ziwa siku zote. Mbao hazivimbi kwa urefu, zinavimba kwa upana, na pale mbao mbili zilipokutana rangi ilipasuka, ufa mwembamba wa unywele. Tangu hapo nachimba ndani ya mwili wa meli, naupunguza ubaki na kuta za sentimita moja, na ndani napaka sila sawasawa na nje. Mbao ikiwa imefungwa pande zote, unyevu unaingia polepole na kutoka polepole.

Kutu ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayowaharibu wengi. Wakishaanza kuchafua hawajui kuacha, meli inaonekana imetolewa chini ya ziwa asubuhi ile. Liemba ilikaa chini ya ziwa karibu miaka minane, lakini tangu hapo imekuwa na watu wa kuipaka rangi. Kutu ina mahali pake: chini ya tundu la nanga, chini ya matundu yanayomwaga maji ya sitaha, kwenye pembe za milango, mahali boti za vijijini zinaposugua ubavu. Inashuka wima, ikianza nyembamba na nzito, ikimalizikia upana na wepesi.

Rangi yake siinunui. Udongo mwekundu wa Njombe wekundu wake unatokana na chuma kilichooza, jamaa wa damu wa kutu yenyewe. Nauponda, naupitisha kwenye soksi ya nailoni, lakini soksi haitoshi: chembe ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni kokoto ya sentimita moja, na kutu haina kokoto. Naukoroga kwenye chupa ya maji, naacha kwa muda wa kunywa chai. Mchanga unakimbilia chini. Maji yaliyobaki juu, mekundu bado, nayamimina kwenye sahani, naiweka juani, na yanapokauka yanaacha unga laini ambao ukiusugua kati ya vidole husikii kitu, unaona tu ngozi imebadilika rangi. Unga huo na tone la maji, brashi yenye unywele mmoja au miwili, mvuto mmoja kwenda chini, halafu pamba kavu kuondoa karibu wote. Mke wangu anasema nachafua kitu nilichokisafisha nusu mwaka. Ni kweli, na nachafua polepole zaidi ya nilivyosafisha.

Vitu vidogo nitavipitia haraka. Nguzo na vyuma vya ukingoni ni waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua. Fundi redio anakugawia bure, kipenyo cha robo milimita, sawa na bomba la sentimita mbili na nusu. Mlingoti ni mwanzi wa ulanzi kutoka Iringa, umepasuliwa na kuvutwa kwenye matundu ya bati yanayozidi kupungua mpaka umefika milimita tatu. Paina kwa wembamba huo inapinda na kuvunjika, mwanzi unanyooka. Madirisha ya duara watu huweka zile pete za matundu ya kamba za viatu, na pete hizo midomo yake ni minene mno, unapata dirisha la gereza. Mrija wa wino wa kalamu ya Bic una kipenyo cha karibu milimita tatu na ukuta mwembamba. Ukate kwa wembe vipande vya milimita moja, uvizamishe kwenye matundu, basi.

Mwanangu mdogo aliuliza watu wako wapi. Nikamchongea mmoja, milimita 17 kutoka unyayo hadi utosi, nikampa na gunia. Akamweka ukingoni, akakaa kimya akimwangalia, kisha akasema, "Baba, sasa imekuwa kubwa." Nimeshaongeza watu kadhaa, wote ubavu mmoja, kwenye boti iliyojibana kwenye meli na magunia ya dagaa. Ubavu wa pili hauna mtu na huo ndio ulioelekea ukutani.

Meli iliyopo mezani sasa ni MV Mbeya II ya Ziwa Nyasa, iliyojengwa hapa hapa Itungi, Kyela, abiria 200 na tani 200 za mizigo. Nilidhani itakuwa nyepesi kwa sababu naweza kushuka Kyela nikaipima kwa macho yangu. Lakini hii imechomelewa, haina ribiti wala mabati yanayopandana, kwa hiyo gurudumu la saa na vipande vya karatasi havina kazi tena. Badala yake ina kitu kingine: joto la kuchomelea huvuta bati, na jua likiwa la pembeni unaona ubavu umebonyea kidogo sana kati ya fremu na fremu, pande kwa pande, kutoka mbele mpaka nyuma. Nikikadiria mbonyeo huo kuwa nusu sentimita, kwangu ni sehemu moja ya ishirini ya milimita. Tupa haiwezi kufika hapo bila kupitiliza. Nimejaribu kukwangua sila kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kati ya mistari ya penseli niliyoiacha kila milimita sita, na kwenye ubao wa majaribio kinaonekana, ila mwanga ukiwa wa jioni tu. Mzee wa Mwanjelwa nimempelekea auone. Ameushika ubao, ameuinamisha huku na huku, akaniuliza kama hiyo nayo siitaki ing'ae.